Hatimkato, Maneno 100 kwa Dakika

Tangazo la nafasi ya Katibu Mahsusi serikalini Tanzania kwa kawaida huwa na sharti linalowakera waombaji wengi: awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja. Ya nini, nao wana simu inayorekodi kikao kizima? Swali ni la haki. Nami nalitetea sharti hilo, kwa sababu ya namna ujuzi wenyewe unavyojengwa.

Mfumo wa hatimkato, yaani mwandiko wa mkato, aliouchapisha Isaac Pitman mwaka 1837 huandika sauti. Konsonanti ni mchoro mfupi: p na b zina mchoro uleule, p mwembamba, b mnene, t na d vivyo hivyo. Irabu ni nukta na vistari vya kando, na mkono wenye kasi huziruka nyingi. Hapo ndipo Kiswahili kinapomtesa mwanafunzi, maana irabu zetu zimebeba mzigo mkubwa. Kata, kete, kiti, kuti: ukiziondoa irabu, zote hubaki k na t. Mahali mchoro unapokaa kwenye mstari hudokeza irabu ya kwanza tu. Basi katika kikao cha halmashauri, ambako kata hutajwa kila mara na kiti pia, asiyefuata hoja ya msemaji hawezi kusoma alichokiandika yeye mwenyewe.

Kwa hiyo imla hufunza sikio kuliko mkono. Mwalimu husoma akitazama saa, polepole kwanza, kisha huongeza mwendo. Mwanafunzi hubaki maneno machache nyuma: mkono unamalizia yaliyopita, sikio linapokea yanayokuja, akili inashikilia maana. Kisha anachapa mapema, kumbukumbu ikingali mbichi. Kinasa sauti hakimjengei mtu uwezo huo. Na kikao cha saa mbili kilichorekodiwa kinadai saa mbili nyingine za kusikiliza kabla muhtasari haujaanza.

Kasoro ninayoiona ni mtihani kuishia kwenye kasi. Bosi hahitaji kila neno. Anahitaji azimio, mtekelezaji na tarehe. Mtahiniwa apewe mjadala wenye mabishano, autolee muhtasari wa ukurasa mmoja, kisha aandike barua ya utekelezaji yenye Kumb. Na. sahihi na kuiweka kwenye jalada lake kwa namba ya folio inayofuata. Atakayeyaweza hayo apewe alama hata kama kasi yake ni maneno 80.