Jina Lililoachwa Kuisha: Funzo la .cd kwa Wenye Tovuti wa Shituru

Tangu Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 iwatengee Wakongo kazi za ukandarasi mdogo, karakana ya kuchomelea, muuza vipuri au msafirishaji wa Shituru, eneo la migodi nchini Kongo, ana sababu nzuri ya kuwa na tovuti yake na barua pepe yenye jina la kampuni yake. Mkuu wa ununuzi mgodini anataka kujua anashughulika na nani kabla ya kutuma oda. Lakini ushauri anaopewa mwenye tovuti mpya huanzia kwenye sura: rangi, picha, kasi ya kurasa. Mimi nasema kazi ya kwanza ni kulinda jina lenyewe, yaani kikoa, kwa kuwa likipotea jina, kurasa nzuri na barua pepe zote huenda nalo. Ushahidi wa hilo uko nchini mwetu, katika .cd, kikoa cha taifa la Kongo.

Simu ya msomaji haijui seva ya tovuti iko wapi. Anapoandika anwani inayoishia na .cd, swali lake hupitia kwanza seva za mzizi wa intaneti, nazo huelekeza kwenye seva za majina zinazoshika .cd yote. Mwaka 2020 baadhi ya seva hizo zilikuwa chini ya SAIX ya Afrika Kusini, na nyingine chini ya jina scpt-network.com, lililotokana na shirika la posta na simu la Kongo. Hili la pili lilikuwa .com ya kawaida, yenye ada na tarehe ya mwisho kama .com ya duka lolote, na liliachwa likaisha muda. Fredrik Almroth, mtafiti wa usalama na mmoja wa waasisi wa kampuni ya Detectify ya Sweden, alikuwa akikagua seva za majina za vikoa vya nchi mbalimbali alipokuta neno redemptionPeriod kwenye rekodi ya jina hilo. Maana yake, mwenye jina amepewa muda wa mwisho wa kulikomboa. Almroth akaandika programu ndogo ya kulifuatilia, na lilipoachiliwa mwishoni mwa Desemba 2020 akalisajili yeye kabla mwenye nia mbaya hajaliwahi.

Kilichokuwa mikononi mwake kilikuwa kizito. Kwa kuwa watoaji wa majibu walikuwa wawili, karibu nusu ya maswali yote ya .cd yangeweza kumfikia, na angeweza kuyajibu apendavyo: kumpeleka mteja kwenye tovuti bandia ya benki, au kunasa barua pepe njiani. Hata kufuli linaloonekana kwenye kivinjari lisingemwokoa mteja, maana watoaji wengi wa vyeti vya usalama huthibitisha umiliki kwa kuuliza seva hizo hizo za majina. Almroth hakufanya hivyo. Aliacha upande wake bila jibu, maswali yakahamia seva ya Afrika Kusini, kisha akawaarifu wasimamizi. Januari 2021 .cd ilihamishiwa kwenye scpt-network.net. Hakuna nenosiri lililovunjwa wala seva iliyovamiwa katika mkasa wote huo. Kilichotosha ni ada iliyosahaulika.

Tuangalie basi jinsi .com inavyokufa, kwa sababu hatua zake zinajulikana. Tarehe ya mwisho ikipita, msajili, yaani kampuni uliyosajili jina kwake, anaweza kukupa hadi siku 45 za kulipa, ingawa tovuti yenyewe huenda ikazimwa mapema zaidi. Akilifuta, zinaanza siku 30 za ukombozi, ambapo gharama huwa mara kadhaa ya ada ya mwaka. Zikiisha, hubaki siku 5 ambazo hata fedha haisaidii, kisha jina ni la atakayewahi. Yote hayo yanaonekana hadharani. Fungua lookup.icann.org, andika jina lako, utaona tarehe ya mwisho, hali ya jina na seva zake za majina. Kwa .cd, tazama rekodi za msimamizi wa kikoa hicho au umuulize msajili wako. Mwenye tovuti anayesoma mistari hiyo mitatu kila baada ya miezi michache anajua hatari iliko kabla haijamfika.

Wapo watakaosema kwamba mkasa wa .cd ni wa taifa, na hakuna atakayehangaika na jina la karakana ya Shituru. Lakini anayelinyakua jina dogo hupokea barua zote zinazotumwa kwake, zikiwemo ankara na viungo vya kubadili nenosiri, na anaweza kumwandikia mteja wako wa zamani akimtajia akaunti mpya ya benki. Wengine husema uzembe huu ni wa nchi maskini. Krismasi ya 1999 huduma ya Hotmail ilitetereka kwa sababu Microsoft haikulipia passport.com, jina ambalo Hotmail ililitegemea, hadi Michael Chaney, mtu baki, alipolipa dola 35 kutoka mfukoni mwake. Hoja nzito zaidi ni ya wanaotegemea ulipaji wa moja kwa moja. Ni mzuri na inafaa kuuwasha, ila unategemea kadi isiyoisha muda na yenye salio siku hiyo. Kadi ikikataliwa, onyo hutumwa kwa barua pepe, na kama barua pepe hiyo iko chini ya jina lile lile lililozimwa, onyo halitasomwa. Hilo ndilo kosa la scpt-network.com kwa kipimo kidogo: jambo kubwa kuning'inizwa kwenye jina ambalo hakuna anayelichunga.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia picha au matangazo, hakikisha jina limesajiliwa kwa jina lako au la kampuni, si la fundi aliyekutengenezea kurasa. Akaunti ya msajili iwe na barua pepe isiyotegemea kikoa hicho, na uthibitisho wa hatua mbili. Chagua msajili anayepokea njia ya malipo uliyo nayo, kisha lipia miaka kadhaa kwa mpigo; .com inaruhusu hadi 10. Andika tarehe ya mwisho ofisini, mahali watu wawili wanapaona, na uorodheshe kila jina jingine ambalo tovuti yako inalitegemea. Kazi hiyo haimalizi asubuhi moja. Ifanye wiki hii.