Kumsifu Fundi wa Skrini Nyeusi

Katika ufundi wa kompyuta ipo kazi ambayo sifa zake hazijasemwa vya kutosha, nayo ni kutafuta chanzo cha hitilafu ya picha kwenye mashine ambayo mfumo endeshi wake, yaani programu kuu inayoongoza vifaa na programu nyingine zote, umetoka kusakinishwa. Hitilafu hiyo ina sura nyingi: skrini hubaki nyeusi baada ya nembo kupita, picha hutetemeka, au herufi hunenepa na kupoteza umbo. Walio wengi hukimbilia kufuta kila kitu na kupiga mfumo upya, na hapo ndipo fundi wa kweli anapoachana nao, kwa kuwa anajua kwamba nakala ya pili itakwama palepale ilipokwama ya kwanza.

Kanombe, sekta ya Wilaya ya Kicukiro penye uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kigali, ni mahali panapofaa kuutafakari ufundi huu, kwa sababu Rwanda imeifahamu kompyuta kwa njia mbili zisizofanana. Ya kwanza ni mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, ulioanza nchini mwaka 2008 na kufikisha shuleni zaidi ya mashine ndogo 200,000 za XO, zenye kioo cha inchi 7.5 na nukta 1200 kwa 900, kilichosomeka hata juani, na mfumo wa Linux ulioandaliwa kwa ajili ya kioo hicho hicho. Ya pili ni mashine ya mezani iliyokwisha kutumika kwingine, ambayo humfikia fundi wa mtaani ikiwa na skrini ya kampuni hii, waya wa kampuni ile, na kadi ya picha, yaani kifaa kinachochora kila kinachoonekana, ya umri mwingine kabisa. Mkusanyiko wa namna hiyo hakuna mhandisi aliyeujaribu kabla yake.

Swali la kwanza la fundi huyo ni kama mashine imekufa au imenyamaza tu. Katika Linux hubonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, na ukitokea mstari wa maandishi unaoomba jina la mtumiaji, basi kiini cha mfumo ki hai na kilichoanguka ni tabaka la michoro peke yake. Usipotokea, huiwasha mashine upya na kuongeza neno nomodeset katika amri za kuwashia, neno linalokizuia kiini kujichagulia namna ya kuonyesha picha, kazi ambayo kimekuwa kikiifanya chenyewe tangu mwaka 2009. Picha ikirudi, mshukiwa ni draiva, yaani programu inayokiwezesha kiini kuelewana na kadi. Wengi huishia hapo na kulipwa. Aliyebobea huendelea hadi apate draiva inayofaa na kuliondoa neno lile, kwa sababu likibaki, prosesa hulazimika kuchora kila dirisha bila msaada wa kadi, na video hukwamakwama.

Lakini uzuri wa kazi hii huonekana zaidi pale ambapo kosa halimo kwenye mfumo hata kidogo. Skrini hujitambulisha kwa kompyuta kwa ujumbe wa baiti 128, uitwao EDID, unaotaja mtengenezaji, mwaka wa kutengenezwa na vipimo vya picha inavyovimudu, na baiti ya mwisho huwekwa ili jumla ya zote igawanyike kwa 256 bila baki, jambo linalomwezesha fundi kujua kama ujumbe umefika mzima. Katika waya wa VGA wenye pini 15, rangi nyekundu, kijani na buluu hupita kwenye pini ya 1, ya 2 na ya 3, ilhali ujumbe huo hupita kwenye ya 12 na ya 15. Pini ya 12 ikipinda, rangi zote hufika salama, ila mfumo mpya, usiojua umeunganishwa na skrini gani, huangukia nukta 1024 kwa 768. Mfumo wa zamani haukuonyesha dosari kwa kuwa vipimo vyake viliwekwa kwa mkono, kwa hiyo lawama zote humwangukia mgeni. Fundi anayechomoa waya na kuzitazama pini moja moja mwangani amefanya kazi ya kitaaluma, na anastahili kulipwa hivyo, hata kama kilichobaki ni kunyoosha pini kwa kibano chembamba, kisha vipimo sahihi vikajitokeza vyenyewe bila faili hata moja la mwenye mashine kuguswa.