Wabenzi, Jeneza na Boneti: Namna Tunavyolisoma Gari

Katika uhakiki wetu wa fasihi ya Afrika Mashariki, Mercedes-Benz haipewi nafasi ya kuwa gari. Ikitokea tu katika hadithi, mwanafunzi huandika pembeni mwa ukurasa: ishara ya tabaka tawala, ubadhirifu, ukoloni mamboleo. Jibu hilo si la uongo, na katika mtihani hupata alama zake. Ninachopinga katika makala haya ni kuishia hapo. Tunamsoma mwenye gari tukaacha kulisoma gari lenyewe, na pamoja na gari tunamwacha nje fundi anayelijua.

Tuanze na neno. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, wasemaji wa Kiswahili waliwabandika viongozi na matajiri wapya jina la Wabenzi. Ufundi wa jina hili umo katika ngeli. Benzi ni ya I-ZI: benzi hii, benzi hizi. Ikivikwa kiambishi wa-, inahamia A-WA na kukaa safu moja na Wanyamwezi, Wazaramo na Wagogo. Papo hapo limezaliwa kabila jipya, lisilo na kijiji wala mizimu, ambalo watu wake hutambuana kwa gari. Nchini Tanzania, miiko ya uongozi iliyotokana na Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Gari halikutajwa. Pale miiko iliponyamaza, lugha ya watu ilisema.

Hata hivyo, neno hilo linamtaja mwenye gari tu. Kuhusu gari halituambii kitu. Hapa hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, "A Mercedes Funeral", iliyomo katika Secret Lives (1975), inaweza kutusaidia kuliko tunavyoiruhusu. Wagombea wa uchaguzi wanashindana juu ya mazishi ya maskini mmoja, na mmoja wao analeta jeneza lililochongwa kwa umbo la Benzi. Kwa kawaida tunaliita jeneza hilo kejeli, kisha tunafungua ukurasa unaofuata. Mimi napenda tusimame tulitazame. Lina umbo la gari, lakini halina injini, na safari yake ni moja tu, ya kwenda shimoni. Nadhani ukali wa hadithi umo humo: mgombea ameleta ganda kwa sababu ganda ndilo tabaka lake lilikuwa likilithamini siku zote. Msomaji asiyejua kilichomo chini ya boneti ya gari halisi hawezi kupima ni nini kilichoondolewa.

Basi kimo nini? Nichukue modeli iliyotokea mwaka mmoja baada ya kitabu hicho, ile ambayo kiwandani iliitwa W123. Iliundwa tangu 1976 hadi 1986, na jumla ya magari yake ilikaribia milioni 2.7. Toleo la 240 D lilikuwa na injini ya dizeli ya silinda nne, yenye nguvu za farasi 65 hapo mwanzoni. Lilikuwa gari la polepole. Halikutegemea kompyuta: mafuta husukumwa na pampu inayozungushwa na injini yenyewe, huingia katika kijichumba kilichomo kwenye kichwa cha silinda, huanza kuungua humo, ndipo moto hutoka kuisukuma pistoni. Ikishawaka, injini haihitaji umeme ili iendelee kunguruma. Hata kuizima hufanywa kwa mfyonzo wa hewa. Bodi nayo ina akili yake. Mbele na nyuma hukunjika gari linapogonga, ili chumba cha abiria kibaki kizima. Wazo hilo lilikuwa la mhandisi Béla Barényi, na kampuni ililitumia kwanza katika sedani zake za mwaka 1959.

Mambo mawili katika gari hili yanavuruga jibu letu la mtihani. La kwanza, kwao Ujerumani lilikuwa teksi ya kawaida, na Moroko lilipakia abiria sita kutoka mji hadi mji. Kilichokuwa kiti cha enzi huku kwetu kilikuwa jembe la mtu mwingine. La pili, boneti yake inaweza kufunguliwa mpaka ikasimama wima kabisa. Mwenye gari, aliyekaa kiti cha nyuma, hana haja na boneti iliyosimama wima. Aliyeibuni alikuwa akimfikiria mtu ambaye neno Wabenzi halimtaji: fundi.

Fundi huyo sisi wa Bujumbura tunaye. Buyenzi, mtaa wa Waswahili tangu enzi za Wabelgiji, ndiko magari ya mji huu hupelekwa yakiugua. Huko injini ni moteri, breki ni feri, na gari huzungumzwa kama mgonjwa: linakohoa, linakula oili, limechoka. Chuoni nimewasikia wenzangu wakikiita Kiswahili hicho cha gereji, wakimaanisha kwamba hakifai kuandikwa. Nilipomweleza fundi mmoja wa huko habari za Wabenzi, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mdogo wangu, hao walikuwa na za mazutu au za esanse?" Yaani dizeli au petroli. Katika mihadhara yote niliyohudhuria, swali hilo sijawahi kulisikia, ilhali ndilo swali la kwanza la mtu anayelichukua gari kuwa gari.

Najua nitakalojibiwa: kazi ya fasihi si kufundisha umakanika, na kulisifu gari ni kumsafisha mwenye gari. Naona kinyume chake. Anayejua kwamba gari hili lilibuniwa lidumu na litengenezeke ana hoja kali zaidi dhidi ya aliyelinunua kwa ajili ya nyota iliyo puani mwake. Tena, vigogo wengi wameshahamia magari marefu ya Kijapani, na bado tunawaita Wabenzi. Neno limeendelea kuishi bila gari lake, kama lile jeneza lisilo na injini.

Pendekezo langu kwa wahakiki wenzangu ni dogo. Chombo kinapotokea katika matini, kiwe gari, baiskeli au cherehani, tusiulize tu ni cha nani. Tuulize pia kinafanyaje kazi, na kikiharibika hutengenezwa na nani, kwa maneno gani. Maswali hayo hayajibiwi na kamusi peke yake. Itabidi tuvuke barabara tuingie Buyenzi, tukiwa na daftari, na tukubali kwamba huko sisi ndio wanafunzi.