Mwambie Mhudumu Afungue Fundo

Juzi ndugu yangu mmoja, mgeni wa Dar es Salaam, alinisifia gesti ya Sinza bila kupumua: vigae vinang'aa, televisheni pana, kiyoyozi kipya. Nikamuuliza, chandarua je? "Kipo," akanijibu, huku anakuna kiwiko chenye vipele vitano. Hapo ndipo niliposhika kalamu.

Gesti hupimwa kwa chandarua. Mchana kinaning'inia juu ya kitanda kimefungwa fundo, kinaonekana kizima, na mgeni hukitupia jicho akapita. Matundu yote yamo ndani ya lile fundo. Kabla hujatoa hela, mwambie mhudumu alifungue. Kikishuka, tazama pindo: lifike chini ya godoro pande zote, libaki na la kuchomeka. Likiishia ubavuni mwa godoro, hilo ni pambo. Kisha jilaze, unyooshe mikono. Chandarua cha duara kwenye kitanda cha futi tano kwa sita hukugusa kiwiko na unyayo, na hapo mbu hahitaji tundu. Anakunyonya akiwa nje. Chukua cha pembe nne. Na kiwe cheupe, basi.

Manzese nilishaonyeshwa chumba kilichotoka kupulizwa dawa dakika hiyohiyo, na tundu la chandarua limezibwa kwa plasta ya kidonda. Saa nane usiku plasta ilikuwa juu ya mto wangu.

Mwenye shilingi 20,000 aingie mitaa ya ndani ya Magomeni au Ilala, mbali na baa. Choo cha nje si aibu kikiwa kimedekiwa, na ndoo iliyojaa, kopo juu yake, inalishinda bomba la mvua lisilo na simtanki. Wa kati aanzie hosteli za makanisa, kama Msimbazi Center ya Ilala. Korido zake zina utulivu. Mwenye nazo atakuta hoteli haina chandarua kwa kutegemea kiyoyozi. Akague wavu wa dirisha, na alifungue dirisha lenyewe. Lisilofunguka, ahame chumba.

Tangu 2021 stendi kuu ya mabasi ya mikoani iko Mbezi Luis, kwa hiyo anayeshuka usiku alale kulekule. Enzi za stendi ya Ubungo tulikuwa tunasogea tu hadi Magomeni Mapipa, kwa mama mmoja aliyeijua kazi hii. Kabla ya adhana ya magharibi, mbu hawajaingia, alikuwa ameshapita vyumba vyote. Anakung'uta chandarua, anakishusha, anachomeka pindo kuanzia miguuni, anaacha pembe moja tu ya kuingilia. Unarudi saa nne umechoka, unakuta kandambili mlangoni, sabuni ya kipande juu ya taulo, na shuka bado ina harufu ya jua.