Mwanamke Chini ya Mtende

Watu wengi hudhani ya kuwa sarafu ya kale ni kitu cha kutazamwa tu katika sanduku la kioo. Nakusihi, msomaji, uisome kama usomavyo shairi la sifa: uulize ni nani asemaye, amsifu nani, na ni jambo gani alifichalo.

Tutwae sarafu mbili za makaisari wa Rumi, za aina iitwayo sestersi. Sarafu hiyo ilikuwa na upana upitao sentimita 3, nayo ilifuliwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki. Nne zake zilikuwa sawa na dinari 1 ya fedha. Kwa kuwa ilipita katika mikono ya watu wengi, Kaisari aliitumia kama mjumbe wake.

Ya kwanza ni ya Kaisari Nero. Yaonyesha hekalu la mungu Janus, ambalo milango yake ilifungwa wakati wa amani tu. Maandishi yake yasema kwamba Warumi wamepata amani katika nchi kavu na baharini. Kazi ni safi sana. Hata mawe ya ukuta yaonekana moja moja. Lakini mnamo mwaka 66 Wayahudi waliasi, na Nero akamtuma jemadari Vespasian kwenda kupigana nao. Basi sarafu hii ni nzuri kwa macho, lakini haina mtu ndani yake. Ni mlango uliofungwa, basi.

Ya pili ilitolewa mwaka 71, Vespasian alipokuwa Kaisari, mwaka mmoja baada ya Yerusalemu kutekwa na hekalu lake kuteketezwa. Upande mmoja pana kichwa chake, chenye shingo nene na makunyanzi ya uzee. Upande wa pili pana mtende. Kushoto amesimama mshindi mwenye mkuki, na kulia ameketi mwanamke aliyeinama, ameshika tama. Maneno yake ni haya: Uyahudi umetekwa.

Mchongaji aliamriwa kumsifu mshindi. Lakini tazama vema: mshindi amesimama wima kama nguzo, hali mgongo wa yule mwanamke una uhai na uchungu. Jicho lako litakwenda kwake kwanza. Hapo ndipo sanaa ilipoishinda amri.

Hata hivyo, tusiisifu sarafu hii kupita kiasi. Mwanamke huyo hana jina, wala hatamki neno. Maelfu waliokufa na waliouzwa utumwani wamefanywa sura moja tu, ili Mrumi ainunulie mkate. Wahenga walisema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwa hiyo, msomaji, kila uonapo picha ya ushindi, usiishie kwa yule aliyesimama. Mtafute pia aliyeketi chini.