Fundi Aliyeosha Kwanza

Kitu cha kwanza fundi alichokitoa mfukoni hakikuwa spana. Kilikuwa kipande cha katoni. Alikisukuma chini ya Toyota Fielder ya jirani yangu, hapa kwenye ploti yetu Kamenu, Thika, akakigandamiza kwa jiwe kisipeperuke, akaomba gari liwashwe, kisha akavuta kiti akaketi.

Matone yalipoanza kudondoka, aliyagusa kwa kidole na kuyapangusa kwenye karatasi nyeupe. Yalikuwa mekundu, yakielekea kahawia. Akayanusa. Mafuta ya injini yana rangi ya asali yakiwa mapya na huwa meusi yakizeeka. Maji ya rejeta ni mepesi na yana harufu tamutamu. Haya yalikuwa ya giaboksi ya otomatiki, na hayakunuka kuungua. Hapo uso wake ulikunjuka, maana harufu ile ingemwambia kwamba klachi za ndani zimekwisha. Mafuta ya usukani wa haidroliki huwa mekundu pia, ila usukani wa gari hili ni wa umeme, basi shaka hiyo aliitupa papo hapo.

Mwenye pupa angekuwa ameshafungua sampu. Yeye alieleza kwamba mafuta hutembea: yanatoka juu, yanateremka kwenye mbavu za giaboksi, upepo wa barabarani unayasukuma nyuma, mwisho yanadondoka kutoka kwenye bolti isiyo na kosa lolote. Injini ilipopoa, alipandisha gari kwa jeki, akaweka stendi pande zote mbili, akalitikisa kwa nguvu, ndipo akalala chini yake. Akaanza kuosha. Brashi na mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, kisha kitambaa kikavu kwenye kila kona, hata pale ambapo hakuna ambaye angekagua. Nadhani hapo ndipo kazi yote ilipofanyika. Chuma kilipong'aa na kukauka, alikinyunyizia poda ya mtoto, gari likashushwa, likaendeshwa hadi Makongeni na kurudi.

Safari hii tochi ilijibu upesi. Gasketi ya sampu ilikuwa kavu. Hosi zinazopeleka mafuta kupozwa kwenye rejeta, kavu. Lakini upande wa kushoto, shafti ya gurudumu inapoingia kwenye giaboksi, mstari mwekundu mwembamba ulikuwa umechora njia kwenye poda. Ni sili, ringi ya mpira inayozuia mafuta hapo; nayo huzeeka pamoja na gari. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo mengi hutufikia kutoka Japani yakiwa na miaka 7 hivi, na huku tunayaendesha miaka mingine mingi. Mpira haungoji; unakauka na kuwa mgumu.

Alilegeza nati kubwa ya gurudumu gari likiwa bado limekanyaga chini, akalipandisha tena, akaondoa tairi. Mafuta ya giaboksi aliyamwaga kwenye chupa zenye vipimo, akaandika kiasi chake kwa kalamu ya mkaa ukutani. Akatenganisha boljointi ya chini, akapachika mtaimbo kati ya shafti na giaboksi, akaubinya mara moja tu, shafti ikachomoka. Akapitisha ukucha mahali sili inapokaa, akitafuta mkwaruzo. Hakukuwa na mkwaruzo, la sivyo sili mpya ingevuja vilevile.

Sili kuukuu aliing'oa polepole, ncha ya bisibisi ikiegemea sili yenyewe, kamwe si ukuta wa giaboksi. Ile mpya aliipaka mafuta mdomoni, akakagua kama springi yake nyembamba imekaa sawa, akaifunika kwa ringi ya beringi kuukuu yenye upana uleule, akaanza kugonga: juu, chini, kushoto, kulia, pigo dogo kila upande, akisimama kupima kwa kidole kama imeingia sambamba. Shafti aliirudisha akiibeba kwa mikono yote miwili ili meno yake yasiguse mpira, uwazi wa klipu iliyo nchani mwake ukitazama chini, hadi tukasikia ikikaa.

Kwenye kijiti cha kupimia pameandikwa aina ya mafuta, T-IV, na ndiyo aliyoyanunua. Hakukubali mbadala wa duka. Alijaza kiasi kilichokuwa ukutani na kidogo cha kufidia yaliyovuja. Injini ikiwa moto na inanguruma, huku amekanyaga breki, alipitisha gia kutoka P hadi L na kurudi P, ndipo akachomoa kijiti, akakifuta, akakitumbukiza tena na kusoma alama ya moto. Aliongeza kijiko kwa kijiko, kwa sababu mafuta yakizidi hutoa povu. Yale machafu aliyafunga kwenye mtungi, yasiende mtaroni na baadaye mto Chania.

Ukiona tone jekundu chini ya gari lako na ukaambiwa giaboksi ishushwe, mwombe fundi aoshe kwanza, anyunyize poda, kisha akuonyeshe mahali mstari unapoanzia.