Ufundi wa Kuwajua Ndege wa Mida

Kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu, daraja la kamba hukatiza mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Nawastahi mno wanaorudi hapo mwezi baada ya mwezi, daftari mapajani. Ustadi wao huanza kabla ya darubini: huanza na kuyajua maji. Mgeni akifika maji yamekupwa, ndege wametawanyika mbali topeni, hudhani wamehama. Mjuzi hutangulia kidogo kabla ya maji kujaa, yanapowasogeza karibu, na hulinganisha bamvua na bamvua, maji mafu na maji mafu. Hapo tofauti anayoiona huwa ya msimu, si ya kupwa na kujaa.

Chukua aina moja ya kitwitwi, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, anayezaa kaskazini mwa Siberia. Mnamo Agosti hufika wa kwanza, baadhi bado wana mabaka mekundu tumboni. Kisha hubadilisha manyoya ya mabawa hatua kwa hatua. Ndege akiruka, mjuzi huona pengo bawani, na wiki zikipita pengo husogea kuelekea ncha. Desemba, kaskazi ikivuma, wote ni wa kijivu. Kufikia Aprili wakubwa wamenenepa, vifua vimeiva rangi ya tofali, nao huondoka. Juni, kusi imeshika, waliosalia ni wachache wa kijivu: vijana ambao wakati wao wa kuzaa haujafika.

Yupo pia mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Huyu huzaa kwenye mashimo ya mchanga, fukweni na visiwani, Oman na Ghuba. Huvuka bahari na mwanawe, na huku Mida utamwona kijana huyo, mgongo wa kijivu, akimwandama mzazi na kulia apewe kaa.

Linalonigusa zaidi ni uaminifu wa daftari. Siku isiyo na ndege nayo huandikwa, pamoja na hali ya maji. Mwaka 2024 kitwitwi yule wa Siberia aliwekwa na IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, katika kundi la spishi zilizo hatarini. Uamuzi kama huo hauwezekani bila hesabu za watu waliorudi pale pale, miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo sifuri iliyoandikwa kwa uangalifu ina thamani sawa na kundi la mamia.